Sahani Moja Pungufu

Mjomba wangu hakuwahi kuingia chumbani bila kuhesabu watu waliomo. Alisimama mlangoni kabla hata ya kusalimia, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, kidole gumba kikipita juu ya pingili za vidole vingine, moja baada ya nyingine. Akishamaliza ndipo aliposema hamjambo. Alihesabu harusini, alihesabu kwenye foleni ya benki, alihesabu wagonjwa wodini alipokwenda kumwona mmoja tu. Na kila mara alipohesabu watu wa nyumbani ili aandae meza, alipunguza mmoja. Tukiwa saba, sahani zilikuja sita. Sisi tulikaa, yeye akabaki amesimama mikono mitupu, akitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeibiwa.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na watu wote, hata sisi ndugu, tulimwita Fundi tu. Hakuwahi kumgombeza kwa jambo hilo. Aliinuka, akaleta sahani ya saba, akasema, "Bwana, umesahau mtu."

"Nani?"

"Mmoja hivi, mrefu, ana wino kwenye kucha."

Mjomba alicheka, akakaa. Kesho yake sahani zikaja pungufu tena. Niliyaona haya kwa macho yangu kwa sababu nilipokuwa darasa la sita nilikaa kwao. Shule yangu ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwao, na mama alisema heri nilale kwa kaka yake kuliko kuamka alfajiri kila siku. Wakati huo niliona ni mchezo wa watu wazima. Sikujua kwamba siku moja nitazunguka mji mzima na daftari kwapani, nikitafuta kama mtu yule aliwahi kujihesabu hata mara moja.

Mjomba alikuwa mchoraji katika kiwanda cha uchapaji. Alichora chati za ukutani za shule: viungo vya mwili, mzunguko wa maji, milima mirefu na mito. Zama hizo kazi yote ilikuwa ya mkono. Meza yake ilikuwa imeinama kama paa, juu yake taa yenye shingo ndefu, chupa tatu za wino, rula ya chuma, na sanduku dogo la bati lenye wembe. Wino ukikosewa haukufutika kwa raba. Aliukwangua taratibu kwa ncha ya wembe mpaka karatasi ikabaki nyembamba, kisha akaipiga pasi kwa ukucha wake na kuandika upya. Aliweza kuchora duara bila kuacha alama ya mahali alipoanzia, na kwa hiyo wenzake walimpa jina la Bikari. Likamganda. Hata barua za kiwanda ziliandikwa "Bw. Bikari".

Mwaka ule niliokuwa kwao alipewa kuchora chati ya dini za dunia kwa ukubwa wake. Meneja alimpa karatasi moja ya tarakimu, akamwambia kila dini iwe na duara lake, kubwa au dogo kulingana na idadi ya watu. Kwa mchoraji wa duara kama yeye, hiyo ilikuwa kazi ya wiki moja. Alikaa nayo miezi miwili.

Jioni ya kwanza alirudi amekunja uso. Fundi alikuwa kwenye cherehani, mimi nilikuwa sakafuni nikiokota pini kwa sumaku.

"Fundi, nimejumlisha mara tatu. Watu wa dini zote, ukiongeza na wasio na dini, wanazidi watu wa dunia."

"Wanazidi kwa wangapi?"

"Mamilioni."

Fundi hakuacha kukanyaga cherehani. "Basi wapo waliohesabiwa mara mbili. Au wamewahesabu na marehemu."

Mjomba hakuona kichekesho. Siku zilizofuata alitumia muda wake wa chakula cha mchana kwenda kuuliza. Alikwenda kwenye ofisi za madhehebu, akabisha hodi, akauliza, "Samahani, nyinyi mnahesabuje?" Kila alipotoka alikuwa amechanganyikiwa zaidi. Wengine walihesabu mtoto tangu siku za mwanzo za uhai wake. Wengine walisubiri mpaka akue na aseme mwenyewe. Wengine walihesabu nyumba, kisha wakazidisha kwa watu watano kila nyumba, hata nyumba ya mjane anayeishi peke yake. Na karibu wote walikiri, kwa sauti ya chini, kwamba mtu akiondoka hawamfuti.

"Meneja," Mjomba alisema ofisini, kama alivyonisimulia baadaye, "tarakimu hizi si za kitu kimoja. Huyu amepima kwa futi, yule kwa hatua, yule mwingine amekisia kwa jicho."

"Bikari, sisi tunachora. Aliyeleta karatasi ndiye atakayejibu mbele ya Mungu."

"Mungu wa duara lipi?"

"Toka ofisini kwangu."

Akachora. Duara la Wakristo lilikuwa kubwa kuliko yote, karibu theluthi ya watu wote wa dunia wakati huo, akalipa upana wa sentimita thelathini na sita. Likafuata la Waislamu, kisha wasio na dini, Wahindu, Wabudha, na wengine waliozidi kupungua. Mwisho kabisa, kwenye kona ya chini, palikuwa na duara la "Nyinginezo". Katika karatasi ya meneja watu wa duara la kwanza walikuwa mara thelathini na sita ya hao wa mwisho, kwa hiyo Nyinginezo walipata sentimita moja.

Mjomba mwenyewe alizaliwa katika mojawapo ya maduara mawili makubwa. Lipi, si hoja hapa. Alikuwa ameacha kwenda huko tangu ujana, bila ugomvi, kama mtu anavyoacha kuvaa kofia. Fundi ndiye aliyekuwa na imani. Alikuwa wa jumuiya ndogo sana, watu arobaini hivi katika mji wetu, waliokutana kila siku ya mapumziko katika chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vioo na fremu za picha. Hawakuwa na jina la fahari. Wakiulizwa wao ni akina nani, walijibu, "Sisi ni sisi tu."

Siku Mjomba alipoleta nyumbani nakala ya kwanza ya chati, wino ukiwa bado unanukia, aliibandika ukutani kwa pini za Fundi. Fundi alikuwa anakata kitambaa cha meza ya duara cha mteja. Akaja na mkasi mkononi, akaitazama muda mrefu.

"Mimi niko wapi?"

Mjomba akainama, akagusa kona ya chini. "Hapa."

"Nilidhani ni kifungo cha shati kimebandikwa."

"Ni Nyinginezo."

"Sisi na akina nani?"

"Wote waliobaki."

"Wote waliobaki duniani, tumeenea kwenye kifungo?" Alirudi kwenye meza yake ya kukatia, akaendelea na kazi, kisha mkasi ukasimama. "Bwana, njoo hapa. Meza ya mteja huyu ina mita moja. Akinunua meza ya mita mbili, nimkatie kitambaa kikubwa mara ngapi ya hiki?"

"Mara mbili."

Fundi alitandaza sakafuni shuka kubwa kuukuu, akachora kwa chaki duara la mita mbili, kisha akaanza kulijaza kwa vitambaa vya mezani alivyokuwa amevikata kwa ajili ya hoteli, vyote vya mita moja. Cha kwanza, cha pili. Sakafu ilikuwa bado wazi. Cha tatu akakikata vipande. Cha nne nacho akakikata vipande kujaza mianya, hasara yake mwenyewe, mpaka chaki ikafunikwa.

"Vinne," akasema. "Ningekuwa nakata kama unavyochora wewe, ningeshafukuzwa na wateja. Wewe umepima upana, bwana, lakini jicho linaona kitambaa chote. Wakubwa umewafanya wakubwa kupita walivyo, na sisi umetukunja."

Mjomba alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akatoa kalamu sikioni, akapiga hesabu kwenye kiganja chake. Kwa kupima eneo badala ya upana, kifungo kilistahili kuwa na sentimita sita, upana wa mdomo wa glasi. Nakumbuka alivyosema taratibu, si kwa Fundi wala kwangu, "Nimechora watu wadogo kuliko walivyo." Aliyasema kama mtu anayekiri kwamba amemgonga mtu barabarani.

Chati elfu tatu zilikuwa zimekwisha kwenda shuleni. Meneja alisema hakuna mwalimu atakayepima. Mjomba akamwandikia barua, akaandika nyingine, mwaka uliofuata chati ikachorwa upya. Hapo likazuka jambo ambalo hakulitarajia. Maduara madogo yalipokua ipasavyo, karatasi haikutosha. Ikabidi lile kubwa lishushwe hadi sentimita ishirini na nne, na mengine yote yashuke nalo kwa uwiano. Zikaja barua kiwandani. Mwaka jana tulikuwa thelathini na sita, mwaka huu ishirini na nne, wenzetu wamekwenda wapi? Mwalimu mmoja aliuliza kama kumetokea tauni. Meneja alizipeleka zote mezani kwa Mjomba, na Mjomba alijibu kila moja kwa mkono, akieleza habari za meza na vitambaa. Sidhani kama kuna aliyemwelewa.

Fundi ndiye aliyempa adhabu yake. "Ulitupunguza," alimwambia. "Basi njoo utuhesabu."

Jumuiya ile ilikuwa na daftari la mahudhurio, na mwenye kuliandika alikuwa amehama mji. Mjomba akaenda siku moja kwa mzaha, akaketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, mwavuli wa Fundi mapajani. Watu walipokwisha kukaa, kidole gumba kikapita kwenye pingili. Akaandika tarehe, akaandika 41. Hakuacha tena. Kwa miaka kumi na tisa alipanda ngazi zile kila wiki, akakaa kiti kile kile, akahesabu, akaandika. Hakuimba wala hakusali kwa namna ambayo mtu angeiona. Fundi alipoulizwa kama mumewe ameingia kwao, alisema, "Muulizeni mwenyewe." Alipoulizwa yeye, alisema, "Mimi ni wa daftari."

Fundi alikufa kwa moyo, wiki moja kabla ya kutimiza miaka sitini na mitatu. Jumuiya ina kiwanja chake kidogo cha makaburi, chenye ukuta mfupi, nyuma ya ghala la mbao, wakamzika humo na kuacha nafasi ubavuni mwake. Baada ya hapo Mjomba hakupanda tena ghorofani. Nilimuuliza sababu, akasema, "Nikihesabu, nitajua aliyepungua."

Miaka mitano baadaye akili yake ikaanza kumponyoka. Kwanza alipotea njia ya sokoni, kisha akaweka wembe kwenye sukari. Nikamhamishia kwangu, chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Majina yalimtoka, miaka ikachanganyika. Kuhesabu hakukumtoka. Ila kulikuwa na swali moja aliloliuliza kila siku, wakati mwingine mara kumi kwa asubuhi moja.

"Mpwa wangu, mimi nitalazwa wapi?"

"Kwa Fundi, Mjomba."

"Wamekubali?"

Hapo nilikwama, maana sikuwa nimeuliza. Nilidhani mume hulazwa kwa mkewe na yamekwisha. Nikaenda kwa katibu wa jumuiya, mama mmoja mstaafu wa posta, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti ya mtu aliyezoea kusema "anayefuata". Alinipokea vizuri, akanipa chai. Nilipomweleza, akaliweka birika chini.

"Mwanangu, sisi hatuna kiapo, hatuna cheti, hatuna sherehe ya kumwingiza mtu. Tuna jambo moja tu. Aliyehesabiwa ni wetu. Kiwanja ni cha waliohesabiwa."

"Lakini alikuja miaka kumi na tisa!"

"Alikuja. Nani alimhesabu?"

"Yeye ndiye aliyekuwa anahesabu."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Nikaona watu saba, sahani sita mezani. Nikasema basi wiki ijayo nitamleta, ahesabiwe yaishe. Katibu akatikisa kichwa, na niliona kwamba haikuwa rahisi kwake. "Nikimhesabu leo nitakuwa nimehesabu kiti. Mtu wetu ni yule aliyekuja mwenyewe, akijua anakuja. Nenda kamuulize. Akisema alijihesabu, neno lake linanitosha."

Nikamuuliza. Nilichagua asubuhi, maana asubuhi alikuwa na nafuu.

"Mjomba, kule ghorofani, ulipokuwa unahesabu watu, ulijihesabu na wewe?"

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa nahesabu."

"Ndiyo. Je, ulijiweka ndani ya hesabu?"

Alifikiri sana. "Ningejiweka, nani angehesabu?"

Siku ya pili alisema, "Bila shaka, kila wiki." Siku ya tatu alikasirika, akasema mimi ni mtu wa kiwandani niliyetumwa na meneja kupima maduara yake. Siku ya nne aliniuliza kama Fundi amekwisha kula.

Nikaenda pia kwenye ofisi ya lile dhehebu kubwa alilozaliwa nalo, nikijisemea kwamba mtu lazima alazwe mahali. Kijana wa mapokezi aliandika jina kwenye kompyuta. Haikuchukua hata dakika. "Yupo," akasema. Alikuwepo miaka yote, tangu utotoni, na angepata kaburi siku yoyote bila swali, kwenye makaburi makubwa nje ya mji, safu na namba. Nilitoka nikiwa na karatasi iliyopigwa muhuri mkononi. Nilisimama kwenye ngazi za ofisi ile nikijaribu kuelewa. Mahali ambapo hakukanyaga kwa miaka hamsini alikuwa amehesabiwa. Mahali alipoketi kila wiki hapakuwa na wa kuthibitisha. Nilijiuliza, kwenye lile duara la sentimita thelathini na sita na hata lile dogo, kuna watu wangapi wa namna hii, waliomo kwenye hesabu lakini wao wenyewe hawamo. Karatasi ile nikaikunja mara nne nikaitia mkobani.

Katibu aliniruhusu kuyachukua madaftari. Yalikuwa manane, yenye majalada ya kijani. Niliyapitia ukurasa kwa ukurasa kwa wiki tatu, nikitafuta siku ambayo hesabu ingemfichua. Tarakimu zilikuwa safi kama za chati: 41, 38, 40, 29, 33. Hakuna hata moja iliyonijibu. Mtu anaweza kuitazama thelathini na tatu mpaka macho yamtoke, haitamwambia ni akina nani.

Kisha, katika daftari la tano, nikaona 1.

Nilirudi kwa Katibu mbio. Siku hiyo nilimkuta mzee kinyozi wa jumuiya yuko kwake, mtu wa miaka themanini anayejigamba kwamba hajakosa wiki hata moja. Nikawaonyesha tarehe.

"Hiyo ni siku ya mafuriko," alisema Katibu papo hapo. "Maji yalifika magotini mtaani. Fundi alikuwa na homa, alibaki nyumbani. Hakuna aliyekuja."

"Mimi nilikuja," akasema kinyozi.

"Wewe ulikuwa umevunjika nyonga."

"Nyonga ilikuwa mwaka mwingine."

"Mzee mwenzangu, nilikuletea uji mimi mwenyewe kitandani. Ulilalamika hauna sukari."

"Haukuwa na sukari kweli," akasema kinyozi. "Basi huyo mmoja ni wewe. Nani alifungua mlango? Ufunguo si ulikuwa kwako?"

Katibu akavua miwani. "Ufunguo mwingine ulikuwa na mwenye duka la fremu. Mimi ningekuja ningelowa, na ningelowa ningekumbuka."

"Ulilowa mara ngapi maishani, na unakumbuka zote?"

Wakaendelea hivyo. Mimi niliinua ukurasa kuelekea dirishani, kwa sababu kidole changu kilihisi kitu. Karatasi ilikuwa nyembamba hapo. Ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, taratibu, kwa kazi safi ya mtu aliyezoea, kisha ikapigwa pasi kwa ukucha. Chini ya ile moja, mwanga ulipopita, ilionekana alama hafifu ya duara. Sifuri.

Tuliitazama wote watatu. Mjomba alivuka maji, akapanda ngazi, akahesabu chumba kitupu, akaandika sifuri. Halafu akatoa wembe. Kwa nini? Kinyozi alisema kwa sababu mtu alifika baadaye, na mtu huyo ni yeye kinyozi, nyonga au hakuna nyonga. Katibu alisema hajui. Mimi nilitaka sana kusema kwamba alikaa peke yake pale kwenye kiti cha mlangoni, akaitazama sifuri yake, akaona si kweli. Nilitaka, lakini sikuwa na haki ya kusema. Mtu aliyeleta sahani sita kwa watu saba, yeye akiwa wa saba, angewezaje kujiona ndani ya chumba kitupu?

"Niachie siku kadhaa," alisema Katibu. "Laiti angejihesabu mara moja tu mbele ya mtu."

Mjomba alikufa siku kumi na moja baadaye, mchana, usingizini. Nilikwenda kwa Katibu nikiwa na karatasi yenye muhuri mkobani, tayari kwa makaburi makubwa. Lakini kwanza nilimweleza maneno aliyoniambia Mjomba asubuhi ya siku iliyotangulia. Alinitaka niyarudie. Nikayarudia. Akafungua daftari jipya, akaandika tarehe ya siku ile ambayo Mjomba aliyasema, ingawa haikuwa siku ya mkutano, akaandika kitu mbele yake, akafunga.

Tulimzika nyuma ya ghala la mbao, ubavuni mwa Fundi. Wapo katika jumuiya wanaosema hadi leo kwamba Katibu alikosea, kwamba mtu yule hakuwa na akili zake na neno lake halikuwa neno. Kinyozi ni mmoja wao, ingawa alilia kuliko wote. Mimi sijui. Nimeiweka ile chati ya kwanza, yenye makosa, ukutani kwangu, na kila ninapoitazama namtafutia mahali pa kumweka, nisipapate. Siku ya maziko Katibu alinipa daftari, akaniomba nihesabu waliohudhuria. Nilipata ishirini na sita. Nilipofika nyumbani ndipo nilipojiuliza kama nilijiweka, na sikuweza kukumbuka.

Asubuhi ile niliyomwambia Katibu habari zake, nilikuwa nimempelekea chai. Jua lilikuwa limejaa chumbani, yeye ameketi kitandani amevaa shati safi, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Hapakuwa na mtu mwingine. Nikamuuliza, kama nilivyozoea kumtania, "Haya, Mjomba, leo tuko wangapi?"

Kidole gumba kikapita kwenye pingili. Kikasimama. Kikarudi mwanzo, kikapita tena.

"Wawili," akasema.

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiipata hesabu sawasawa. Nikakiweka kikombe chini, nikapiga magoti mbele yake nimwone usoni. "Wawili, Mjomba? Akina nani?"

Alinitazama mimi, kisha akaurudisha mkono wa kushoto mbele, akatazama mikono yake mapajani, kucha zake, kwa mashaka makubwa, kama mtu anayejaribu kusoma mwandiko wa mwingine.

"Mmoja ni wewe," akasema. "Huyu mwingine simjui. Lakini mwandike."